Wiley: Mkemia aliyewaumiza wauza asali, kisha akawalinda

MUUZA asali, awe na chupa ishirini kando ya barabara pale Tabora au rafu nzima katika supamaketi ya mjini, huulizwa swali moja kabla hata ya bei. Mteja huinua chupa, huigeuza, hutazama kiputo cha hewa kinavyopanda, kisha huuliza kama hiyo ni asali kweli au ni sukari iliyochemshwa. Ukimwapia hakuamini, na ukinyamaza ndiyo kabisa.

Swali hilo lina umri mrefu, na historia yake haiwezi kuelezwa bila kumtaja Harvey Washington Wiley, mkemia wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1930. Wiley anakumbukwa zaidi kama baba wa sheria ya chakula safi ya nchi yake. Wafuga nyuki wa wakati wake, hata hivyo, walimfahamu kwanza kwa jambo jingine, na halikuwa zuri.

Alizaliwa Oktoba 18, 1844, katika nyumba ya magogo kwenye shamba la wazazi wake karibu na kijiji cha Kent, jimbo la Indiana, akiwa mtoto wa sita kati ya saba. Baba yake, Preston Wiley, alikuwa mkulima na mhubiri, mtu aliyepinga utumwa waziwazi na kuwasaidia watumwa waliokuwa wakitorokea kaskazini. Kijana Harvey aliingia chuo cha Hanover, akaacha masomo kwa miezi kadhaa mwaka 1864 ili kujiunga na jeshi la upande wa kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akarudi na kuhitimu mwaka 1867. Alipata shahada ya udaktari wa tiba mwaka 1871, lakini hakufungua zahanati. Alikwenda Harvard kusoma kemia, na chuo kikuu cha Purdue kilipofungua milango mwaka 1874, yeye ndiye aliyekuwa profesa wake wa kwanza wa kemia.

Hapo ndipo tunapokutana na mahindi.

Wakulima wa Marekani walikuwa wanavuna mahindi mengi, na viwanda vilikuwa vimejifunza kuchukua wanga wa mahindi, kuuchemsha pamoja na tindikali, kisha kuiondoa ile tindikali na kubaki na shira nzito, angavu, isiyo na harufu. Waliiita glukosi. Ilikuwa rahisi kutengeneza na bei yake ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na ya asali. Kitu chenye uzito wa asali, mng'aro wa asali na bei ya chini namna hiyo hakiwezi kukaa ghalani bila mfanyabiashara fulani kupata wazo.

Wakati huohuo ufugaji wa nyuki ulikuwa umebadilika. Mwaka 1865 Franz von Hruschka alikuwa amebuni mashine ya kuzungusha masega ili asali itoke bila sega kuvunjwa. Zamani mteja aliiona asali ikiwa ndani ya sega lake, na sega lilikuwa ndiyo lebo. Sasa aliletewa maji ya rangi ya dhahabu ndani ya chupa. Baadhi ya wapakiaji wajanja walitumbukiza kipande cha sega halisi katikati ya chupa na kujaza glukosi pembeni. Mteja aliyekwisha kuumwa mara moja alirudi kwenye sega zima, lililofungwa na nyuki wenyewe, akiamini kwamba hapo angalau hapana mkono wa mtu.

Mwaka 1878 Wiley alikwenda Ujerumani. Alihudhuria mihadhara ya August Wilhelm von Hofmann jijini Berlin, kisha akafanya kazi na Eugen Sell katika maabara ya serikali ya kuchunguza vyakula. Huko alijifunza kutumia polariskopu, na aliporudi Indiana, bodi ya afya ya jimbo ikamwomba apime sukari na shira zilizokuwa madukani.

Inafaa tukieleze chombo hiki kidogo, maana ndicho kilichobadilisha mambo. Mwanga wa namna fulani ukipitishwa katika maji yaliyoyeyushwa sukari hugeuka upande, kulia au kushoto, kutegemea ni sukari gani. Asali ya maua huwa na fruktosi nyingi kuliko glukosi, kwa hiyo huugeuza mwanga kushoto. Shira ya mahindi huugeuza kulia, tena kwa nguvu. Chupa ya asali iliyochanganywa na shira nyingi ya mahindi haikuweza tena kujificha. Kwa mara ya kwanza mzozo wa mteja na muuzaji ulikuwa na kipimo, si ulimi wala kiapo.

Wiley angeishia hapo, wafuga nyuki wangempenda. Lakini Juni 1881 alichapisha makala kuhusu glukosi katika jarida la Popular Science Monthly, na ndani yake akapenyeza maelezo mafupi kwamba kuna asali ya sokoni ambayo nyuki hawakuigusa kabisa: sega lake limetengenezwa kwa nta ya mafuta ya petroli, ile itengenezewayo mishumaa, likajazwa glukosi kwa mashine.

Hapakuwa na mashine kama hiyo. Sega la nyuki ni kazi ya kuta nyembamba mno, vyumba vyenye pembe sita, kila kimoja kikiwa kimefunikwa kwa kifuniko chake cha nta. Viwanda vya siku zile viliweza kutengeneza karatasi ya nta yenye alama za vyumba, ambayo mfuga nyuki humpa nyuki kama msingi wa kuanzia, na pengine hiyo ndiyo iliyoupa uvumi sura ya ukweli. Kutoka msingi hadi sega kamili lililojaa ni safari ambayo nyuki peke yake ndiye aijuaye.

Magazeti hayakujali. Habari ilichukuliwa na gazeti moja, ikanakiliwa na jingine, ikavuka bahari. Mteja aliyekimbilia kwenye sega kwa usalama akaambiwa na profesa kwamba hata sega ni la bandia. Kwa mkulima aliyekuwa na mizinga hamsini na soko moja la mjini, hilo lilikuwa pigo la mfukoni. Hakuwa na maabara, hakuwa na gazeti, na jina lake halikuwa na uzito wa jina la profesa.

Amos Ives Root wa mji wa Medina, Ohio, mtengenezaji wa vifaa vya nyuki na mchapishaji wa jarida la wafugaji, alitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa yeyote atakayemwonyesha sega la asali lililotengenezwa kiwandani. Fedha hizo zilikuwa nyingi kwa wakati ule. Tangazo lilichapishwa tena na tena kwa miaka mingi, na hakuna aliyekuja kuzichukua. Wafuga nyuki waliubandika uvumi huo jina la mwanzilishi wake, wakauita uongo wa Wiley, na jina hilo likadumu.

Wiley mwenyewe alichukua miaka kadhaa kabla ya kukiri kwamba alikuwa ameandika kwa mzaha, mzaha wa wanasayansi kama alivyouelezea. Hili ndilo jambo ambalo mwandishi wa safu hii hamsamehei kwa urahisi. Mtu anayetaka kuwakamata wachakachuaji anapaswa kuwa wa mwisho kutia shaka bila ushahidi, kwa kuwa shaka humpata mkweli kwanza. Mdanganyifu ana faida ya kutosha kuvumilia msimu mbaya, mkweli hana. Kuna kila dalili kwamba Wiley alijifunza, maana kazi yake ya baadaye ilijengwa juu ya vipimo, na vipimo vilivyokubaliwa na wengi.

Kwenda Washington

Purdue walipotafuta mkuu mpya wa chuo, walimruka. Alionekana kijana mno, mcheshi mno, na alikuwa hajaoa. Aliwahi hata kukemewa kwa kupanda baiskeli ya gurudumu refu mjini, jambo lililoonekana halimfai profesa. Mwaka 1883 wizara ya kilimo ya Marekani ilimwita awe mkemia wake mkuu. Alikaa kwenye kiti hicho miaka 29.

Mwaka uliofuata, 1884, alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wakemia rasmi wa kilimo, kinachojulikana kwa herufi AOAC. Kazi yake ilikuwa kavu, ya kuhakikisha kwamba maabara mbili zikipima gunia moja la mbolea au chupa moja ya asali zinapata jibu moja. Bila hilo, kila muuzaji angeleta mkemia wake mahakamani. Kuanzia 1887 ofisi yake ilitoa mfululizo wa vitabu kuhusu vyakula vilivyochakachuliwa: maziwa, viungo, mafuta, kahawa. Sehemu ya sita, ya mwaka 1892, ilihusu sukari, molasi, shira, peremende, asali na nta ya nyuki.

Ripoti ziliandikwa, wabunge walizipokea, miswada ikafa. Ndipo mwaka 1902 Wiley alipopata dola 5,000 za serikali na kuanza jaribio lililompa umaarufu. Alikusanya vijana 12 waliojitolea, akawalisha katika chumba cha chini cha ofisi yake, na ndani ya chakula akawa anatia dawa za kuhifadhia zilizokuwa zikitumika viwandani, kama boraksi na formalini, ili aone zinavyowadhuru. Waandishi wa habari waliwaita kikosi cha sumu. Leo jaribio kama hilo lisingepita katika kamati yoyote ya maadili, lakini wananchi walilifuatilia kama mchezo wa ligi. Riwaya ya Upton Sinclair kuhusu machinjio ya Chicago, iliyotoka mwaka 1906, ikamalizia kazi. Juni 30 mwaka huo Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya chakula safi na dawa.

Kwa muuza asali sheria hiyo ilikuwa na maana moja kubwa. Haikupiga marufuku shira ya mahindi. Ilipiga marufuku, katika biashara ya jimbo hadi jimbo, kuiita kitu kisichokuwa. Aliyetaka kuchanganya aliruhusiwa, mradi aandike kwenye lebo kwamba ni mchanganyiko. Viwango vilivyotolewa na wizara mwaka huohuo viliieleza asali kuwa ni utamu wa mimea uliokusanywa, ukabadilishwa na kuhifadhiwa na nyuki ndani ya masega. Maji yasizidi asilimia 25, sukari ya kawaida isizidi asilimia 8, na mwanga ugeuke kushoto. Mwaka 1908 ofisi ya Wiley ilitoa uchunguzi wa asali za Marekani uliofanywa na C. A. Browne, pamoja na wa chavua kwa darubini uliofanywa na W. J. Young.

Kipimo cha kushoto kilikuwa na kasoro yake. Kuna asali halali ambayo nyuki huitoa kwenye utomvu unaoachwa na wadudu juu ya majani, nayo hugeuza mwanga kulia. Na kuna shira ya sukari ya miwa iliyovunjwavunjwa kwa tindikali ambayo hugeuza kushoto kama asali. Mjerumani Fiehe alipendekeza mwaka 1908 kipimo cha kuinasa hii ya pili, kwa kutafuta kemikali inayozaliwa sukari inapochemshwa. Kemikali hiyo, inayofupishwa HMF, bado inapimwa hadi leo. Ila huzaliwa pia ndani ya asali halisi iliyopashwa moto au kukaa muda mrefu mahali pa joto. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za Codex zinaruhusu miligramu 40 kwa kilo, lakini 80 kwa asali inayotoka nchi za joto kama zetu. Ndoo iliyoachwa juani wiki nzima huweza kufeli ingawa hakuna aliyeongeza hata kijiko cha sukari.

Ugomvi wa majina na wa tiba

Baada ya 1906 Wiley alipigana zaidi na serikali yake kuliko na wachakachuaji. Viwanda vya mahindi viliona jina la glukosi linawatisha wateja, vikataka bidhaa iitwe shira ya mahindi. Wiley alikataa, akisema shira ni jina la kitu kingine. Mwaka 1908 Waziri wa Kilimo, James Wilson, kwa ridhaa ya Roosevelt, aliwapa viwanda jina walilolitaka. Mwaka huohuo Wiley alimkasirisha Rais mwenyewe kwa kuilaani sakarini mbele yake, kumbe Roosevelt alikuwa akiitumia kila siku kwa ushauri wa daktari. Iliundwa bodi ya wanasayansi iliyopitia maamuzi yake. Katika mengine, tuseme kweli, alizidisha: benzoeti ya sodiamu aliyoipiga vita bado inaruhusiwa kwa kiasi kidogo.

Pigo lililo karibu zaidi na rafu zetu lilitoka Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1911. Mtu aliyeuza dawa ya bandia ya saratani alishinda kesi, kwa hoja kwamba sheria ya 1906 ilihusu uongo juu ya kilichomo ndani ya chupa, si uongo juu ya kinachotibu. Bunge lilirekebisha sheria mwaka 1912, lakini kwa sharti gumu la kuthibitisha kwamba muuzaji alikusudia kudanganya.

Tazama lebo za asali katika duka lolote uone kama ugomvi huo umekwisha. Shinikizo la damu, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, hata kisukari. Yanayojulikana ni machache. Asali hutuliza kikohozi cha mtoto aliyepita mwaka mmoja. Asali iliyosafishwa maalumu kuua vijidudu hutumika hospitalini kufunga vidonda. Kwa mgonjwa wa kisukari inabaki kuwa sukari. Na mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, kwa sababu tangu miaka ya 1970 inafahamika kwamba inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinacholeta ugonjwa wa botulizimu, unaolegeza misuli ya mtoto. Mfanyabiashara anayeandika hili la mwisho kwenye lebo yake hapotezi mteja.

Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 66, Wiley alimwoa Anna Kelton, mpiganiaji wa haki ya wanawake kupiga kura, wakapata watoto wawili wa kiume. Machi 1912 alijiuzulu serikalini baada ya mashitaka ya kiofisi ambayo Rais Taft alimwondolea. Alihamia jarida la Good Housekeeping, akaendesha maabara yake ya kupima bidhaa za nyumbani, na mwaka 1929 akatoa kitabu kirefu chenye hasira kuhusu jinsi sheria yake ilivyodhoofishwa. Alifariki nyumbani kwake Washington Juni 30, 1930, tarehe ileile sheria ilipotiwa saini miaka 24 nyuma, akazikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington. Ofisi aliyoijenga ndiyo iliyozaa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA.

Lakini hadithi ya asali iliendelea bila yeye. Katika miaka ya 1970 ilikuja shira mpya ya mahindi, yenye fruktosi nyingi, ambayo polariskopu ya Wiley isingeiona. Jibu lilitoka katika maabara ya wizara yake ya zamani, kwa Jonathan White na Landis Doner, waliotumia aina za kaboni. Mahindi na miwa huvuta hewa kwa njia tofauti na mimea mingi ya maua, na tofauti hiyo hubaki ndani ya sukari. Mwaka 1978 kipimo hicho kilipitishwa na AOAC, chama kilekile cha 1884. Wachakachuaji nao wakahamia shira ya mchele, kwa sababu mchele huvuta hewa kama maua.

Mwaka 2023 Tume ya Ulaya ilitangaza kwamba kati ya sampuli 320 za asali iliyoingizwa Ulaya, 147 zilitiliwa shaka, yaani asilimia 46. Likazuka tena lile la 1881: baadhi ya waagizaji walidai vipimo vilivyotumika havijakubaliwa rasmi, na wafuga nyuki walitaka lebo kali zaidi.

Madaraja nayo yana mtego wake. Katika kiwango cha Marekani, daraja A hudai maji yasizidi asilimia 18.6, pamoja na ladha na usafi. Rangi haihesabiwi katika daraja, kwa hiyo asali nyeusi ya miombo si ya daraja la chini kwa sababu ya weusi wake. Codex husema maji asilimia 20, isipokuwa aina chache. Na daraja halithibitishi uhalisi. Njiti ya kiberiti iliyochovywa, tone kwenye glasi ya maji, mchwa wanaokataa kula: zote hizi, zikipima kitu, zinapima unyevu au uzito tu, na shira nzito ya kiwandani hufaulu. Rifraktomita ya mkononi itakwambia maji yaliyomo kwa uhakika, na hiyo mfanyabiashara mdogo au kikundi cha ushirika kinaweza kuimiliki. Ya kujua kama sukari ni ya ua au ya mahindi bado ni kazi ya maabara.

Root alifariki mwaka 1923, miaka saba kabla ya Wiley. Dola zake 1,000 hazikupata mwenyewe.